Ng'ambo kuna vita, juu kuna ndege

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege aina ya Falcon 50 iliruka kutoka Dar es Salaam ikiwa na marais wawili ndani, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Walikuwa wanatoka kwenye mkutano wa viongozi wa kanda. Ilipita juu ya nchi yetu salama salimini, na ilipokuwa inashuka kutua Kigali ikatunguliwa kwa makombora. Wote 12 waliokuwemo walikufa. Nani alifyatua, watu wanabishana mpaka leo. Majaji wa Ufaransa waliolibeba faili hilo miaka nenda rudi walilifunga mwaka 2018 bila kumfikisha mtu kizimbani. Yaliyofuata Rwanda kila mtu anayajua.

Naanzia hapo makusudi. Ukikaa kijiweni pale Mwanga ukagusia habari za ndege kutunguliwa, wenzako watakutajia Ukraine, watakutajia Iran, mambo ya kwenye runinga. Majirani hawatajwi. Na sisi wa Kigoma ndio tungepaswa kuwataja wa kwanza, maana ukichora duara la kilomita 500 kuuzunguka mji huu, linazoa visa vya kutosha.

Kindu ya Kongo, kwa mfano. Wazee wa Ujiji wenye asili ya Umanyema wanaitaja Kindu kama mtu anavyotaja mtaa wa pili. Tarehe 10 Oktoba 1998, Boeing 727 iliyokuwa ndiyo kwanza imepaa kutoka uwanja wa Kindu ilipigwa na kombora la begani, ikaanguka, watu 41 wakafa. Waasi walisema ilibeba wanajeshi na silaha. Serikali ya Kinshasa ikasema ilibeba raia waliokuwa wanakimbia vita. Bujumbura ni karibu zaidi, kama kilomita 170 ukilifuata ziwa kwenda kaskazini: Desemba 2000 Airbus ya Sabena, shirika la Ubelgiji, ilimiminiwa risasi za bunduki nzito ikishuka kutua, watu wawili wakajeruhiwa wakiwa ndani ya ndege. Ilitua hivyohivyo, na shirika likasitisha safari.

Sasa toka nje ya duara. Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002: makombora mawili ya begani yalirushwa kwa Boeing 757 ya Waisraeli ikipaa kutoka uwanja wa Moi, asubuhi ileile hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa. Yalikosa. Somalia, tarehe 4 Mei 2020: ndege ndogo ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa ikikaribia Bardale, watu 6 wakafa. Aliyeitungua hakuwa Al-Shabaab. Walikuwa wanajeshi wa Ethiopia waliodhani inakuja kujilipua juu yao, na Ethiopia yenyewe ilikiri.

Hicho kisa cha mwisho kiweke pembeni, nitakirudia, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sisi abiria huwa tunalielewa kinyumenyume.

Kwanza suala la urefu. Visa vyote hivyo vinafanana kwa kitu kimoja: ndege ilikuwa chini, inapaa au inashuka. Kombora la begani ni bomba ambalo mtu mmoja analibeba, analielekeza kwenye joto la injini, anafyatua. Nguvu yake inaishia futi 10,000 mpaka 15,000 hivi. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani inakuwa futi 30,000 mpaka 40,000. Kwa hiyo kwa miaka mingi wataalamu wa usafiri wa anga waliishi na hesabu nyepesi: mkipita juu ya vita, piteni juu sana. Wanaopigana huko chini wana bunduki, wana hayo mabomba ya begani, basi. Ndivyo ndege za masafa marefu zilivyoendelea kuvuka juu ya Kongo vita vikiwaka chini, abiria wanakula wali na kuku.

Siku ambayo mawingu yameondoka, ukisimama kwenye miinuko ya Bangwe unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, bluu na mirefu. Uko kimya, huoni moshi wala husikii kitu. Kumbe nyuma ya milima hiyohiyo ndiko Goma ilikoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa, kisha Bukavu Februari, na Desemba mwaka huohuo wakaingia Uvira, kwenye ncha ya juu ya ziwa letu. Kibirizi tunajua vita vya ng'ambo kwa kuhesabu boti zinazoingia na nani wamo ndani. Mtu aliye futi 37,000 hana hata hiyo nafasi. Analala, amefunga mkanda.

Hesabu ile nyepesi ilivunjika tarehe 17 Julai 2014.

Hapa nitakaa kidogo, maana naona watu wanakumbuka moshi na mabaki ya ndege lakini hawakumbuki tarakimu, na tarakimu ndizo zinazotisha. Vita vya mashariki mwa Ukraine vilikuwa vimeanza miezi michache kabla. Ndege za kijeshi zilikuwa zinatunguliwa moja baada ya nyingine. Mwezi Juni Ukraine ikazuia ndege za abiria kupita chini ya futi 26,000. Tarehe 14 Julai ndege ya mizigo ya jeshi, Antonov An-26, ilipigwa ikiwa juu zaidi ya mahali ambapo kombora la begani linafika. Maofisa wa Ukraine walisema ilikuwa kama mita 6,500. Mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi angejua kwamba huko chini sasa kuna kitu kizito. Siku hiyohiyo kiwango kikapandishwa: msipite chini ya futi 32,000. Juu ya hapo, ruksa.

Siku tatu baadaye Boeing 777 ya Malaysia Airlines, safari ya MH17 kutoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilikuwa inapita futi 33,000. Futi elfu moja juu ya mstari. Kombora la Buk, lile zito linalorushwa kutoka kwenye gari la kijeshi, lilipasuka mbele kidogo ya chumba cha marubani, upande wa kushoto, na watu wote 298 wakafa. Buk linafika zaidi ya futi 70,000, kwa hiyo ule mstari wa 32,000 haukuwa na maana yoyote kwa silaha ile. Ulikuwa mstari wa kwenye karatasi. Novemba 2022 mahakama ya Uholanzi iliamua kwamba kombora lilifyatuliwa kutoka eneo lililokuwa mikononi mwa waasi wanaoungwa mkono na Urusi, ikawatia hatiani watu watatu ambao hawakuwepo mahakamani. Urusi inakana mpaka leo.

Lakini kitu kilichonikaa zaidi kwenye ripoti ya Bodi ya Usalama ya Uholanzi, iliyotoka Oktoba 2015, si Buk. Ni kwamba siku ile, kabla anga halijafungwa, ndege za abiria 160 zilikuwa zimekwisha kupita juu ya eneo lile. Wakati MH17 inapigwa, nyingine tatu zilikuwa kwenye anga hilohilo. Si kwamba Malaysia walikuwa wazembe peke yao. Mashirika karibu yote yalikuwa yanafikiri vilevile: kama anga liko wazi, basi ni salama, lisingekuwa salama, wenyewe wangelifunga. Machache yalikuwa yameamua mapema kuzunguka, Korean Air mojawapo. Bodi ilisema wazi kwamba Ukraine ilikuwa na sababu za kutosha za kulifunga anga lile lote, na kwamba nchi zenye vita kwa kawaida hazifungi anga zao kwa hiari.

Hapo ndipo penye kiini cha makala hii. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio katiba ya usafiri wa anga duniani, unasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Kwa hiyo mwenye kulifunga ni mwenye nchi. Sasa jiulize, nchi iliyoko vitani ina haraka gani ya kufunga? Kufunga ni kutangaza kwamba sehemu hiyo imekushinda. Ni kumpa adui wako kichwa cha habari. Ni kukosa ada ambayo kila ndege inalipa kwa kupita, na hizo ni fedha za kigeni. Sisemi Ukraine waliacha anga wazi kwa sababu ya hela. Ripoti haikusema hivyo. Nasema ufunguo uko mikononi mwa mtu ambaye kila maslahi yake yanamwambia asiufunge mlango, na anayekufa akikosea ni mtu mwingine kabisa, aliyekata tiketi Amsterdam au Dar es Salaam.

Halafu linganisha na hili. Februari 2025 Kongo ililifunga anga lake lote kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda. Tangazo likatoka, ndege zikaanza kuzunguka. Kinshasa walitaja usalama, na vita vilikuwepo kweli, sibishi. Ila ndege za nchi nyingine ziliendelea kupita. Kwa ugomvi na jirani anga linafungwa mara moja. Kwa ajili ya abiria asiye na upande, linasubiri.

Sasa nirudi Bardale.

Tukiwazia ndege ya abiria kutunguliwa, tunamwona gaidi mwenye kilemba na bomba begani. Visa vya namna hiyo vipo, Kindu na Mombasa ni mashahidi. Lakini vile vilivyoua watu wengi zaidi, ukivifuatilia, mara nyingi unakuta jeshi la serikali, lenye sare na rada, na limekosea. Septemba 1983 ndege ya kivita ya Kisovieti iliipiga Boeing 747 ya Korea iliyopotea njia, watu 269. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliipiga Airbus ya Iran Air iliyokuwa inapaa kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, safari fupi kabisa. Mabaharia walidhani ni ndege ya kivita inawashukia. Watu 290, watoto 66 kati yao. Oktoba 2001 jeshi la Ukraine lilikuwa kwenye mazoezi, kombora likapita shabaha yake likaenda kuipata ndege ya Urusi juu ya Bahari Nyeusi, watu 78.

Na Tehran. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 2020 Iran ilikuwa imezipiga kambi za Marekani zilizoko Iraki, kulipiza kifo cha jenerali wake Soleimani, aliyeuawa na Marekani. Wanajeshi wake wa ulinzi wa anga walikesha wakisubiri Marekani ijibu. Na uwanja wa ndege wa Tehran ukaachwa wazi! Marekani ilikuwa imeshayakataza mashirika yake kuingia anga la Iran saa chache kabla. Ndege kadhaa ziliondoka alfajiri ile bila tatizo. Boeing 737 ya shirika la Ukraine ilichelewa karibu saa nzima, ikapaa saa 12 na dakika 12 asubuhi, na dakika chache baadaye ikapigwa makombora mawili. Watu 176. Iran ilikana siku tatu, kisha ikakiri. Maelezo yao baadaye yalikuwa kwamba mtambo ulihamishwa mahali bila kurekebishwa upya mwelekeo wake, hivyo ndege iliyokuwa inatoka uwanjani ilionekana kwenye kioo kama kitu kinachokuja mjini. Mawasiliano na wakubwa yakagoma, askari akaamua mwenyewe. Familia nyingi hazikuyakubali maelezo hayo, na mimi pia yananikaa kooni. Lakini hata ukiyachukua yalivyo, yanatisha kuliko njama. Njama ina mpangaji unayeweza kumzuia. Kijana aliyekesha, ana sekunde chache na kioo kinachomdanganya, utamzuiaje, zaidi ya kuhakikisha hakuna ndege ya abiria mbele yake?

Krismasi ya 2024 ikawa hivyohivyo. Ndege ya Azerbaijan ilikuwa inakwenda Grozny, kusini mwa Urusi, droni za Ukraine zilikuwa zinashambulia eneo hilo, mitambo ya kuvuruga GPS imewashwa, na ulinzi wa anga wa Urusi uko kazini. Ikapigwa. Marubani wakaivusha ikiwa imeharibika mpaka ng'ambo ya Bahari ya Kaspi, ikaanguka karibu na Aktau, Kazakhstan. Kati ya watu 67 walipona 29, na wale marubani wawili hawakuwamo kati ya waliopona. Oktoba 2025 Putin mwenyewe akasema makombora ya Urusi yalipasuka karibu na ndege hiyo. Hilo la kuvuruga GPS, kwa njia, limeenea kuliko makombora: marubani wanaopita karibu na Bahari Nyeusi au mashariki ya Mediterania wanazoea kuona mitambo yao ikiwaambia wako mahali wasipokuwepo.

Kuna kifungu cha sheria kinachokataza haya yote, na kina historia ya kusikitisha. Baada ya ile ndege ya Korea, nchi wanachama zilikubaliana Mei 1984 kuongeza kifungu cha 3 bis kwenye Mkataba wa Chicago: nchi zisitumie silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizoko angani. Kikasubiri kuridhiwa miaka 14. Kilianza kutumika rasmi tarehe 1 Oktoba 1998. Siku tisa baadaye ikatunguliwa ile ya Kindu, na waliofyatua walikuwa waasi, ambao hakuna mkataba wowote waliowahi kuusaini.

Mama mkubwa, anayekaa Ujiji, hayajui haya ya vifungu, ila analijua anga kwa namna yake. Mwanawe, yaani kaka yangu, ni mlinzi wa jengo Doha. Tarehe 23 Juni 2025 alikuwa anarudi kazini baada ya likizo, ametoka Dar. Jioni ile Qatar ilifunga anga lake, na muda si mrefu makombora ya Iran yakaelekea Al Udeid, kambi ya Wamarekani iliyoko hukohuko Qatar. Sisi tulikuwa tumekaa barazani, umeme umekatika, kijana wa jirani ameweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa ili wote tuone. Programu ya Flightradar24. Vile vindege vya njano, ambavyo siku zote vimejazana juu ya Ghuba mpaka vinapandana, vikaanza kugeuka. Kimoja, halafu vitatu, halafu kundi zima. Vingine vinachora miduara juu ya bahari. Katikati, pale Qatar ilipo, pakabaki peupe.

"Huyu wetu yuko wapi?" akauliza mama mkubwa.

Kijana akakigusa kimoja. Namba ya safari ikalingana na ile iliyoandikwa nyuma ya daftari la madeni ya dagaa. Kilikuwa kimepinda kulia.

"Wanampeleka wapi sasa? Si tumelipa nauli ya Doha?"

Nikamwambia, mama, wakimpeleka Doha ndiyo tungelia. Hakunijibu. Aliendelea kukitazama kile kindege mpaka kioo kikazimika chaji ilipoisha, na mtandao ulipokuja kutulia kabisa usiku kukaingia ujumbe wa sauti wa kaka: wametua Muscat, watu wamelala sakafuni, chakula kinagawiwa, mtoto wa nani sijui analia. Akacheka. Alfajiri tukasikia anga lilikuwa limefunguliwa tangu usiku wa manane.

Nimeishi na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kwamba inawezekana. Qatar ilifunga kabla ya kombora la kwanza, si baada ya maiti. Iligharimu fedha nyingi na heshima kidogo, viwanja vya majirani vikafurika, maelfu ya watu wakalala walikolala. Ni kero, ndiyo. Lakini Tehran ya 2020 ingepata kero kama hiyo, watu 176 wangekuwa wanalalamikia mizigo iliyochelewa.

Kwa nini basi isiwe hivyo kila mahali? Angalia boti za mbao za pale Kibirizi. Nahodha anayejiandaa kuvuka hamfuati mtu wa ofisini. Anamfuata mwenzake aliyeingia sasa hivi: upepo umekaaje, mawimbi yakoje, umekutana na nani njiani. Yule anamwambia ukweli, maana kesho yeye ndiye atakayeuliza. Angani taarifa haitembei hivyo. Anayejua kwamba jana usiku Buk limevushwa mpaka ni idara ya ujasusi ya nchi fulani, na idara za ujasusi hazina mazoea ya kusimama gatini kuzungumza. Nchi kubwa huwaonya wa kwao. Mamlaka ya Marekani hutoa makatazo kwa mashirika ya Marekani. Ya Ulaya hutoa taarifa zake za maeneo ya vita. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa nao wana zao. Shirika la nchi maskini husubiri kusoma kilichoandikwa kwa ajili ya wengine. Baada ya Tehran, Kanada, iliyopoteza raia wengi kwenye ndege ile, ilianzisha juhudi inayoitwa Safer Skies ili nchi zishirikishane habari mapema. Ni hatua. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina mwongozo wake wa kupima hatari za kupita karibu na vita. Lakini ICAO haina uwezo wa kufunga anga la mtu, na wengi hudhani inao.

Na sisi tumo kwenye mnyororo huo. Kwa miaka mingi anga la juu la Rwanda na Burundi liliongozwa kutoka Dar es Salaam, na anga letu magharibi linapakana na la Kongo. Kijana anayekaa mbele ya rada kule Dar anaikabidhi ndege kwa Wakongo, au anaipokea kutoka kwao, kwenye mpaka unaopita katikati ya ziwa letu. Sijui ni abiria wangapi wanalifikiria hilo.

Wanaolifikiria kwa umakini, nikisema kweli, ni watu wa bima. Bima ya kawaida ya ndege haigusi vita. Shirika linanunua bima ya vita kando, na anayeiuza anaweza kuivunja kwa notisi ya siku 7. Kwa hiyo ofisi ya bima ina sababu ya kujua nini kinaendelea chini, kwa sababu itakayolipa ni yeye. Wanasiasa wakisema hali ni shwari na gharama ya bima ikapaa, mimi nitaiamini bima. Ile bima ya safari unayouziwa wewe pamoja na tiketi, isome vizuri. Nyingi zinaandika kwa herufi ndogo kwamba vita havimo.

Jambo lililonipa matumaini limetoka mahakamani. Juni 2024 mahakama ya Ontario, Kanada, iliamua kwamba shirika lile la Ukraine lilizembea asubuhi ile ya Tehran kwa kuiruhusu ndege iruke bila kupima hatari ipasavyo, na kwa hiyo halikuweza kujificha nyuma ya kikomo cha fidia kilichomo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Mkataba huo Tanzania nayo imo. Maana yake kwa lugha ya barazani: "uwanja ulikuwa wazi" si jibu tena. Mwenye ndege ana akili zake, ana taarifa zake, anatakiwa kuamua mwenyewe. Wengine wataona ni uonevu, shirika kubebeshwa mzigo wakati waliofyatua ni wengine. Naelewa hoja hiyo. Ila aliyefyatua hatumpati kirahisi, na mwenye ndege ndiye pekee aliyekuwa na uchaguzi ambao haukuhitaji ujasiri wowote: kukaa chini saa sita zaidi.

Nisiwatie watu hofu bure. Safari ya Kigoma kwenda Dar, na ile Bombardier yetu yenye mapanga, inaelekea mashariki, Kongo inabaki mgongoni. Hofu yako kwenye safari hiyo iweke kwenye kuwahi uwanjani na kilo za mzigo; dagaa na mawese vina uzito kuliko unavyodhani. Yanayohusu makala hii ni safari za mbali, hasa kupitia Ghuba, ambako ndugu zetu wengi siku hizi wanakwenda kutafuta. Njia za ndege zinaonekana bure kwenye simu: itafute namba ya safari, tazama wiki iliyopita ilipita wapi. Kuna tovuti ya Safe Airspace inayoorodhesha maonyo ya nchi mbalimbali, ni ya Kiingereza ila ramani yake mtoto anaielewa.

Kaka alipokaribia likizo nyingine, mama mkubwa alinitaka nimsindikize kwa wakala wa tiketi mjini. Binti wa kaunta akatuonyesha bei mbili, moja nafuu kwa tofauti inayouma. Mama mkubwa akaitikia shikamoo yake, akaketi, akauliza hiyo ya nafuu inapita juu ya nchi zipi. Binti akacheka kwa adabu, akasema mama, hilo ni la marubani. Mama mkubwa akamwambia basi wapigie.

Hakupiga kwa marubani, bila shaka. Lakini alipiga makao makuu Dar, akasubiri kwenye laini muda mrefu huku foleni nyuma yetu ikianza kuguna, na akarudi na jibu lililoandikwa kwenye karatasi ya risiti: majina ya nchi, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa kupita. Mama mkubwa hakuwa na miwani. Nikamsomea, naye akawa ananisimamisha kila nchi aniulize, hapa je, wanapigana?